Muzan Kibutsuji: Miaka Elfu ya Kuogopa Kufa

Katika mazimwi wote wa Kimetsu no Yaiba, hadithi ya katuni ya Kijapani, anayesemwa vibaya kuliko wote na mashabiki wenyewe ni bosi wao. Ukatili si kosa lake, maana ukatili ndiyo kazi ya adui kwenye hadithi yoyote. Muzan Kibutsuji analaumiwa kwa jingine: eti ni mtupu. Kaishi zaidi ya miaka 1,000, kaua watu wasiohesabika, na ukimchungulia ndani hukuti kitu. Akaza, mmoja wa mazimwi walio chini yake, aliwaliza watu kwenye kumbi za sinema mwaka 2025. Gyutaro na mdogo wake Daki walishawaliza kabla yake. Hata Rui, kale katoto ka nyuzi za buibui, kana wa kukalilia. Muzan akiteketea, msomaji anashusha pumzi na kufunua ukurasa unaofuata.

Upande wa pili wapo wanaomtetea kufa na kupona. Kwao Muzan ni mgonjwa aliyeonewa na mwili wake tangu tumboni mwa mama, na mwandishi kamdhulumu kwa kutompa nafasi ya kulia kama wenzake. Nikisikiliza ubishi huu naona kila upande una lake la kweli. Ila wote wanamchimba Muzan peke yake, kana kwamba jibu limefukiwa kifuani mwake. Mimi nadhani lipo kwa wagonjwa wengine ambao mwandishi amewapanga kumzunguka, na ukishawaona huwezi tena kumwita adui wa kubahatisha.

Anayefuata anime (katuni ya kwenye skrini) tu, na hajaisoma manga (katuni ya kitabuni) mpaka sura ya 205, ajue kuna mambo humu atayajua kabla ya wakati wake.

Kwa mgeni wa kisa hiki: manga ya Koyoharu Gotouge ilitoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 2016 hadi 2020, na studio ya Ufotable ikaanza kuigeuza anime mwaka 2019. Ni Japani ya enzi ya Taisho, mwanzoni mwa karne ya 20. Stelingi ni Tanjiro Kamado, kijana muuza mkaa anayerudi nyumbani na kukuta familia imechinjwa, na dada yake Nezuko amegeuzwa zimwi. Aliyefanya hivyo ni Muzan, zimwi wa kwanza, ambaye damu yake ndiyo iliyowazaa wengine. Wengine hufa wakikatwa shingo kwa upanga maalumu. Yeye hata hilo halimuui. Linalomweza ni jua.

Wanaomwita mtupu wana ushahidi wa kutosha. Gotouge ana utaratibu wake: zimwi akikatwa shingo, kabla hajawa majivu, tunarudishwa alipokuwa binadamu. Tunaiona njaa aliyolala nayo, aibu aliyoibeba, mtu aliyempenda akampoteza. Muzan habahatiki hivyo. Historia yake inasimuliwa upesi upesi, kama mtu anayesoma faili la mgonjwa asiyemjua. Falsafa nayo hana. Madara, adui wa katuni nyingine ya Kijapani iitwayo Naruto, alitaka kuilaza dunia nzima kwenye ndoto isiyokuwa na vita. Unaweza kumpinga mpaka kesho, lakini ni wazo, lina mantiki yake. Muzan hataki kutawala dunia. Hawachukii binadamu kwa sababu yoyote ya kueleweka. Hata jeshi lake mwenyewe halipendi. Alilizalisha akitumaini kwamba siku moja atatokea zimwi asiyeungua juani, amle, uwezo ule uhamie kwake. Hapo ndipo ajenda yake inapoanzia na kuishia.

Kama kiongozi ndiyo usiseme. Baada ya Rui kuuawa, Muzan anawaita wale watano waliobaki wa daraja la chini katika kikosi chake cha Miezi Kumi na Miwili. Amejigeuza mwanamke aliyevaa kimono cheusi, nao hawamtambui mpaka aseme. Mmoja anawaza jambo kimoyomoyo. Muzan anasoma mawazo, huyo kaliwa. Mwingine anajitetea kwamba haogopi wawinda mazimwi. Kumbe kujitetea ni kumbishia bosi, naye kwaheri. Wa tatu anakimbia, kichwa kinabaki mkononi mwa Muzan. Wa nne anaomba aongezewe damu apate nguvu ya kupigana, ombi la maana kabisa kwa askari, naye anauawa kwa kosa la kumpangia mkubwa cha kufanya. Anapona Enmu peke yake, kwa kuwa alifurahi kuwaona wenzake wakifa. Aliyewahi kufanya kazi chini ya meneja wa aina hii anajua hapo hakuna mkakati wowote. Bosi ana hofu, na hofu yake inatafuta pa kutokea.

Hofu ya nini? Jibu lilishatolewa mapema, kwenye mitaa ya Asakusa mjini Tokyo, mara ya kwanza tunapomwona Muzan kwa macho yetu.

Tanjiro ananusa harufu ile ile iliyobaki nyumbani kwao siku ya mauaji. Anaifuata katikati ya umati na taa za mji mpaka anamshika mtu bega, tayari kuchomoa upanga. Mtu anageuka: kofia nyeupe, suti safi, mtoto wa kike mikononi anayemwita baba. Mke anauliza kuna nini. Muzan, kwa utulivu wa muungwana, anasema kijana amemfananisha, huku ukucha wake ukimkwaruza shingoni mpita njia mmoja ili awe zimwi na kuzua vurugu za kumfunika. Mashabiki wengi hukumbuka hapo tu, kwa ule ujanja na ile kofia.

Ila kinachofuata ndicho kinachomfungua. Ameshawarudisha mke na mtoto nyumbani, anapita uchochoroni, anagongana na mlevi. Mlevi anamtukana kama walevi wanavyotukana, na katika matusi yake anachomekea kwamba sura yako imepauka, unaonekana kama unataka kufa. Neno la kilevi, la kusahaulika asubuhi. Muzan anamuua, anamuua na mwenzake aliyekuja kumsaidia, kisha anamwinamia mwanamke aliyebaki na kuanza kumhoji: uso wangu umepauka? Naonekana mgonjwa? Naonekana kama mtu ambaye hana siku nyingi? Anajibu mwenyewe kwamba si kweli, yeye ni kiumbe anayekaribia kabisa ukamilifu, na anamjaza damu yake mpaka mwili wa yule mama unashindwa.

Mtu mwenye nguvu zote zile anaulizaje swali hilo? Muuaji anayejiamini angecheka na kupita zake. Aliyesimama pale uchochoroni ni kijana wa miaka isiyofika 20, wa enzi ya Heian, Japani ya miaka elfu nyuma, ambaye aliambiwa hatafika 20. Suti ni ya Taisho, kofia ni ya Taisho, lakini aliyemo ndani bado yuko kitandani, na mtu amemwambia tena anakufa.

Wanaomtetea huanzia hapa, na wana haki. Manga inaeleza kwamba moyo wake ulisimama mara kadhaa akiwa bado tumboni, alizaliwa hapumui, na walipokuwa karibu kumchoma moto kama maiti ndipo akahangaika na kulia. Amezaliwa akigombana na kifo. Baadaye daktari mwema akajitolea kumtibu kwa dawa aliyoibuni mwenyewe. Hali ikaonekana kuwa mbaya zaidi, Muzan akashikwa na hasira, akamuua. Kisha akagundua dawa ilikuwa inafanya kazi. Nguvu zilikuja, ugonjwa ukakimbia, ila hakuweza tena kutoka juani na akawa na njaa ya nyama ya watu. Matibabu yalikuwa hayajakamilika, na aliyejua namna ya kuyakamilisha alishamuua.

Aliyewahi kumuuguza mtu ndani ya nyumba anaijua hasira hiyo. Mgonjwa aliyechoka anaweza kukisukuma kikombe cha uji na kukutolea maneno ambayo hujawahi kuyasikia kinywani mwake. Kosa la kwanza la Muzan limeanzia mahali pa kibinadamu kabisa, na hilo ndilo linalonifanya nikatae hoja kwamba ni katuni ya uovu tu.

Sasa tazama alivyoitumia miaka yake baada ya hapo. Anajua dawa ile ilikuwa na ua la buluu la higanbana. Higanbana ya kawaida ni nyekundu, huchanua Japani karibu na siku za mlingano wa vuli, wakati ambao Wajapani huzuru makaburi ya jamaa zao, na mara nyingi imepandwa hapo hapo makaburini. Kitunguu chake kina sumu. Tiba ya mtu anayeogopa kufa ilitengenezwa kwa ua la jamii hiyo. Muzan analitafuta karne kwa karne asilipate. Miezi ya Juu, vigogo wake, wanapoitwa kikaoni kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 100, hawakuti mfalme kwenye kiti. Wanamkuta amewapa kisogo mezani, ameshughulika na chupa na mirija ya maabara. Yaani aliyemuua daktari wake ametumia milenia nzima akijaribu kuwa daktari yule.

Na mwisho wake nao ni wa kitabibu. Tamayo, zimwi aliyemtoroka, ni mganga. Kwa kushirikiana na Shinobu, mpiganaji aliyebobea katika sumu, anatengeneza dawa yenye kazi nne ndani yake: kumrudisha Muzan ubinadamu, kumzeesha miaka 50 kila dakika, kumzuia asijigawe vipande vya kukimbilia, na kuharibu chembechembe za mwili wake. Panga zilimchelewesha mpaka jua likachomoza, lakini zisingetosha bila dawa ile. Alimuua daktari aliyekuwa anamponya, akaja kumalizwa na daktari aliyekuja kumuua. Ulinganifu huo haukutokea kwa bahati.

Huyo Tamayo anatufikisha kwa wale wagonjwa niliowataja. Alikuwa anaumwa, hana muda mrefu, akatamani kuishi awaone watoto wake wakikua. Muzan akamgeuza zimwi bila kumwambia gharama, naye katika njaa ya kwanza akaiua familia ile ile aliyotaka kuishi kwa ajili yake. Akaza naye, alipokuwa binadamu akiitwa Hakuji, aliiba ili amnunulie dawa baba yake mgonjwa. Baba akajinyonga ili asiwe sababu ya mwanawe kuwa mwizi. Baadaye Hakuji akamuuguza binti mmoja, Koyuki, aliyekuwa akimwomba radhi kila mara kwa kumsumbua. Na juu ya wote yupo Kagaya Ubuyashiki, mkuu wa wawinda mazimwi, ambaye ukoo wake ni ule ule aliotoka Muzan. Nyumba yao inaamini imelaaniwa kwa kumzaa zimwi. Wanaume wake hawafiki miaka 30.

Kwa hiyo hadithi inayosifiwa kwa mapanga na mitindo ya kupumua imejaa watu wanaokufa taratibu kwenye mikeka. Wote wamepewa mtihani ule ule aliopewa Muzan, na kila mmoja ameujibu kwa namna yake. Ukimsoma hivyo, hahitaji kurasa 30 za utoto wake. Kila Koyuki anapoomba radhi, Muzan anachorwa kwa upande wa pili.

Lakini hapa nami nasita kidogo, na nashangaa wanaomtetea hawalisemi hili kwa sauti kubwa zaidi. Ukiipanga hadithi hivyo, mgonjwa mwema anakuwa yule anayekubali kufa bila kelele, na mgonjwa anayeng'ang'ania uhai anakuwa zimwi. Hilo si haki. Kutaka kuishi si dhambi, na baba wa Hakuji kujinyonga si mfano wa kuigwa na mtu yeyote. Kinachomwokoa Gotouge kidogo ni Tamayo: naye alitaka kuishi, alitaka sana, na manga haimhukumu kwa hilo. Tofauti ni kwamba Tamayo alitaka siku za kukaa na fulani na fulani. Muzan alitaka siku tupu, ziongezeke tu. Binti aliyembeba Asakusa hata hakuwa wake kwa maana yoyote. Ilikuwa ni nguo nyingine ya kujifichia, kama alivyokuja kujifanya mtoto katika familia ya watu wenye uwezo, kisha akamuua mama wa nyumba ile dakika alipopata habari kwamba Nezuko ameweza kusimama juani. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu anamaliza, na anaanza na wanaomjua.

Mkutano wake na Kagaya ndio nionao kuwa bora kuliko vita vyake vyote. Kagaya ana miaka 23. Haoni, amefungwa bandeji, hawezi kukaa bila kusaidiwa na mkewe Amane, na nje watoto wao wawili wanacheza mpira wakiimba. Muzan anasimama akimtazama. Ndugu wawili wa damu moja, mmoja ana miaka 23 na anaoza, mwingine ana zaidi ya 1,000 na ngozi haina mkunjo. Kagaya anamwambia anaijua ndoto yake, kuishi milele, na kwamba haitatimia; kinachodumu ni hisia za watu, zinazopokezana kutoka kwa waliokufa kwenda kwa walio hai. Muzan naye alishamwambia kwamba ameua mamia na maelfu na hakuna adhabu yoyote ya mbinguni iliyomgusa. Miaka elfu yote hajaona mungu wala Buddha. Kama hoja, Muzan hajashindwa pale. Jibu la Kagaya kwamba watu hawajamsamehe hata mara moja haligusi swali la adhabu. Anayemjibu ni baruti: Kagaya anailipua nyumba, yeye na mkewe na wale watoto wakiwemo. Msomaji asiyeshtushwa na hilo hajasoma vizuri, maana mtu aliyetoka kuhubiri hisia za binadamu kawateketeza wanawe kama chambo. Hata Muzan anashtuka.

Kisha yapo maneno anayomwambia Tanjiro ndani ya Ngome Isiyo na Mwisho, maficho yake. Kwa ufupi: kuuawa na mimi hesabu kama umekutwa na janga. Mvua, upepo, volkano, tetemeko la ardhi vinaua watu wengi na hakuna anayevitafuta avilipize kisasi. Waliokufa hawarudi, nendeni mkafanye kazi mle, mbona mnakuwa ving'ang'anizi. Wengi wamechukulia hotuba ile kama kilele cha utupu wake, na Tanjiro anamjibu kwamba wewe ni kiumbe usiyepaswa kuwepo. Mimi nasikia kitu kingine pia. Muzan anataka kuwa kimbunga kwa sababu kimbunga hakina daktari, hakina mama, hakiambiwi kimepauka. Mtu hufa, tetemeko halifi. Ile ndiyo mara pekee anapoeleza anatamani kuwa nini, na jibu ni kwamba anatamani asiwe mtu. Anayesema hivyo hajakosa nafsi, anaikimbia.

Anaikimbia mpaka mwisho. Jua linapochomoza, mwili wake unavimba na kuwa mtoto mchanga mkubwa wa nyama, akitafuta kivuli. Na anapojua hakuna pa kwenda, anamwaga damu na nguvu zake zote ndani ya Tanjiro, eti sasa ameelewa alichokisema Kagaya, hisia ndizo zinazodumu, basi wewe zichukue zangu. Analia. Wanaomtetea wanasema hapa ndipo alipobadilika. Siwezi kukubaliana nao. Somo lilimfikia, kweli, lakini akaligeuza mtaji siku hiyo hiyo. Kagaya alizungumza juu ya kupokezana kwa hiari. Muzan anamkamata kijana aliyemuulia familia na kumlazimisha awe mrithi. Tanjiro anapovutwa na wenzake kurudi kwenye ubinadamu, Muzan anabaki akimbembeleza asimwache peke yake. Huruma inakuja, siwezi kuikana. Toba sijaiona.

Manga inamwongezea kejeli moja baada ya kufa. Katika sura ya mwisho, iliyowekwa enzi zetu, tunasikia kwamba lile ua la buluu lilikuwepo. Huchanua siku chache tu kwa mwaka, na huchanua mchana. Zimwi asingeliona hata angeishi miaka mingine elfu. Binadamu yeyote, hata yule daktari wake, angeweza kulichuma akipita njiani.

Kwa hiyo nikipima, wanaosema Muzan hana toba, hana mapenzi na hana wazo la kuibadili dunia wako sahihi, na nafurahi mwandishi hakumpa. Angempa kumbukumbu moja tamu ya utotoni, angekuwa Akaza wa pili, na Akaza mmoja anatosha. Kosa lao ni kudhani kwamba mhusika bila toba hana kina.

Hofu yangu sasa iko kwa Ufotable. Filamu ya kwanza kati ya tatu za Ngome Isiyo na Mwisho ilitoka Japani Julai 2025, na za kummaliza Muzan bado. Studio ile inapenda kutanua: safari ya Muzan kuelekea nyumbani kwa Kagaya, ambayo kwenye manga ni michoro michache, waliifanya matembezi marefu ya kutisha, na pale walifaulu. Ila walivyolipokea shangwe la Akaza, kishawishi cha kumwekea Muzan nyimbo za huzuni na dakika za utotoni kitakuwa kikubwa. Wakitanua uchochoro wa hofu yake, sawa. Wakimtafutia mama wa kumlilia, watakuwa wamemtengeneza mtu ambaye Gotouge hakumwandika.